Jinsi ya Kuchagua Kitabu cha Kujifunzia Kufungua Vitasa Bila Ufunguo: Mwongozo kwa Msomaji wa Mtwara na Lindi

Mtu anayetaka kujifunza kufungua kitasa au kufuli bila ufunguo wake, awe fundi milango anayetaka kuongeza ujuzi, kijana aliyehitimu VETA, au mtu anayependa tu kujua vitu vinavyofanya kazi, siku hizi huanza kwa kutazama video. Video ina faida yake, kwa kuwa humwonyesha mikono ya mtu anayejua. Lakini haimwonyeshi vya kutosha kinachotokea ndani ya silinda, na huko ndani ndiko kazi yote iliko. Kitabu kizuri hukikata kitasa katikati kwa mchoro, hutulia pale penye utata, na humruhusu msomaji kuurudia ukurasa uleule kila anapokwama huku kitasa chenyewe kikiwa mkononi. Tatizo ni kwamba vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa Marekani na Ulaya kwa ajili ya milango ya huko, na anayenunua kwa kufuata sifa za kitabu peke yake anaweza kulipia kurasa mia tatu zinazoeleza vitasa ambavyo hatavikuta Chuno wala Magomeni. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia mlangoni, na dukani tutafika baadaye.

Hatua ya kwanza: Tambua vitasa vilivyo mbele yako

Chukua daftari, uzunguke nyumba yako, kazini kwako na, kwa ruhusa ya wenyewe, kwa jamaa wawili watatu. Andika kila kitasa na kila kufuli unaloliona, na kando yake chora umbo la ufunguo wake. Ufunguo ndio utakaokuambia kilichomo ndani kabla hujashika bisibisi.

Ufunguo mwembamba wenye meno yaliyochongwa kama msumeno ukingoni ni wa silinda ya pini. Utaukuta kwenye makufuli mengi ya madukani na kwenye milango ya alumini ya ofisi. Muundo huu unatokana na hataza za Linus Yale Mdogo wa Marekani za mwaka 1861 na 1865, na ndio unaojaza vitabu vingi vya leo.

Ufunguo wenye shina la mviringo na jino moja pana mwishoni, lililokatwa ngazi, kwa kawaida ni wa kitasa cha leva. Hiki ndicho kitasa cha mlango wa mbao kinachozamishwa ndani ya ubao, na kwa nyumba nyingi za Mtwara na Lindi ndicho kitasa cha mlango wa mbele na cha vyumba vyote. Ukikifungua kifuniko chake utaona vibapa vyembamba, ndizo leva zenyewe, vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, viwili au vitatu katika vitasa vya bei nafuu, vitano au zaidi katika vile imara, kila kimoja kikisukumwa chini na springi yake ndogo. Kila kibapa kina uwazi, na ulimi wa kitasa una kijiti cha chuma kinachotakiwa kupita katika nyuwazi zote kwa pamoja. Ufunguo huinua kila kibapa kwa kimo chake. Kikipungukiwa kidogo kijiti hakipiti, na kikizidi kidogo hakipiti vilevile. Kanuni hiyo ya kuinua kwa kimo kamili ililetwa na Mwingereza Robert Barron mwaka 1778, nayo ingali inalinda milango yetu.

Kundi la tatu ni mchanganyiko: makufuli makubwa ya maghala ya korosho, ambayo msimu wa minada ukianza mwezi Oktoba huwa na kazi nzito kuliko kufuli lolote la nyumbani, makufuli ya visahani vinavyozunguka, yenye ufunguo wa nusu mviringo, vitasa vya magari, na sefu za ofisi. Mikindani, kwenye nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, bado kuna milango inayofungwa kwa mnyororo na tumbuu, na hapo kitu pekee cha kujifunza ni lile kufuli linaloning'inia.

Ukimaliza, hesabu. Endapo zaidi ya nusu ya orodha yako ni vitasa vya leva, kitabu kisichokuwa na sura ya leva hakikufai kama kitabu chako pekee, hata kingesifiwa vipi.

Hatua ya pili: Elewa makundi ya vitabu vilivyopo

Kundi la kwanza ni vitabu vya wanaofungua makufuli kama mchezo wa ustadi. Hivi ndivyo vinavyofundisha mkono vizuri zaidi, kwa sababu vimeandikwa na watu wanaoshindana na kufundishana. Mfano unaojulikana sana ni kile cha Deviant Ollam, Practical Lock Picking, kilichotoka mwaka 2010 na toleo la pili mwaka 2012. Michoro yake ni mikubwa na safi, na humpandisha msomaji daraja kwa daraja; upungufu wake kwetu ni kwamba umakini wake wote karibu uko kwenye pini. Kingine, Locksport, kilitoka mwaka 2024 kikiwa kimeandikwa na waandishi kadhaa, kila mmoja katika eneo lake, nacho kinagusa vitasa vya leva, namba za sefu, na ufundi wa kuchonga ufunguo kwa kusoma alama ambazo pini huziacha juu ya ufunguo usiochongwa. Kwa msomaji wa kusini anayeweza kumudu kitabu kimoja tu cha kununua, ningemshauri atazame hiki kwanza.

Kundi la pili ni vitabu vya kazi ya ufundi vitasa. Cha Bill Phillips, The Complete Book of Locks and Locksmithing, ambacho kimetolewa upya mara kadhaa, kinaeleza kuchonga funguo, kufunga vitasa vipya, kutengeneza vilivyoharibika, na hata kuendesha biashara. Sehemu ya kufungua bila ufunguo ni ndogo ndani yake, na hilo ni sawa, kwa kuwa fundi halisi hutumia muda mwingi zaidi kutengeneza kuliko kufungua. Kasoro yake ni kwamba vipimo vyake ni vya inchi, na bidhaa nyingi zinazotajwa ni za soko la Marekani.

Kundi la tatu ni vitabu vikubwa vya rejea, kama Locks, Safes and Security cha Marc Weber Tobias, ambacho toleo lake la pili la mwaka 2000 lina kurasa zaidi ya elfu moja. Vitabu vya namna hii ni vya maktaba, wapelelezi na makampuni ya ulinzi. Anayeanza avipite.

Kundi la nne ndilo linalodharauliwa bila sababu: maandishi ya bure. Yapo mawili ambayo kila mwanafunzi wa fani hii anapaswa kuyajua. La kwanza ni mwongozo mfupi wa mwaka 1991, unaohusishwa na chuo cha MIT cha Marekani, ambao mwandishi wake alijificha kwa jina la Ted the Tool na kuruhusu unakiliwe bila malipo mradi tu usiuzwe kwa faida. Michoro yake ni michache na ya kizamani, na unapendelea mno njia ya kukwaruza pini zote kwa haraka. Hata hivyo, unaeleza kwa nini kitasa hufunguka bila ufunguo kwa uwazi ambao vitabu vingi vya bei kubwa havijaufikia.

La pili ni la zamani zaidi. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua kufuli la leva la Chubb lililosifiwa kuwa halifunguki, kisha akaligeukia kufuli la Bramah lililokuwa limewekwa dirishani mwa duka kwa miaka mingi pamoja na zawadi ya gini 200 (fedha ya Uingereza ya enzi hizo) kwa atakayeliweza. Hilo la pili lilimchukua zaidi ya saa 50 zilizogawanyika katika siku 16. Mwaka 1853 kilitoka kitabu kilichotokana na maarifa yake, kikahaririwa na Charles Tomlinson, kuhusu ujenzi wa makufuli. Haki zake zimekwisha muda, hivyo kinapatikana bure kwenye maktaba za intaneti, na kwa kuwa enzi hizo leva ndiyo iliyotawala, kinaeleza ndani ya kitasa cha mlango wako wa mbao kwa undani ambao vitabu vya kisasa vya pini haviufikii. Kiingereza chake ni kigumu. Michoro yake haihitaji mkalimani.

Hatua ya tatu: Kipime kitabu kabla hujalipa

Maduka mengi ya vitabu ya intaneti huonyesha yaliyomo na kurasa chache za mwanzo. Kurasa hizo zinatosha kukihukumu kitabu, ukijua unachotafuta.

Kipimo kikuu ni hiki: tafuta mahali kinapoeleza kwa nini kazi hii inawezekana. Ndani ya silinda ya pini mna kiini kinachozunguka ndani ya ganda, na kati yao hupita safu za pini, kwa kawaida tano, kila safu ikiwa na pini ya chini inayogusa ufunguo na pini ya juu inayosukumwa na springi. Kitasa hufunguka pale ambapo maungio ya pini zote yamekaa sawasawa kwenye mpaka wa kiini na ganda. Kama matundu ya pini yangetobolewa kwa mstari ulionyooka kikamilifu, kukizungusha kiini kidogo kungezibana pini zote kwa pamoja na mtu asingepata pa kuanzia. Hakuna kiwanda kinachotoboa kwa ukamilifu huo. Kwa hiyo, ukikizungusha kiini kwa nguvu ndogo, pini moja hubana kabla ya nyingine. Ukiiinua hadi mpakani, kiini hujongea kiasi cha unywele, na pini inayofuata inabana kwa zamu yake. Kitabu kinacholieleza jambo hili mapema, kwa mchoro, kimeandikwa na mtu anayejua kufundisha. Kitabu kinachoruka moja kwa moja kwenda "ingiza kichokoo (kile chuma chembamba cha kuinulia pini), tikisa, zungusha" kitakuacha ukitikisa mwaka mzima.

Kipimo cha pili ni lugha ya vidole. Angalia kama mwandishi anaeleza pini iliyobana inavyohisiwa tofauti na iliyo huru, nguvu kiasi gani inatosha kwenye chuma cha kuzungushia kiini, na dalili za pini iliyoinuliwa kupita mpaka. Wanafunzi wengi hutumia nguvu nyingi mno, na kitabu kisichorudia onyo hilo mara kwa mara hakijawaona wanafunzi.

Kisha tazama mazoezi. Yanayofaa huanza na silinda iliyopunguzwa pini hadi kubaki moja, halafu mbili, halafu tatu, na baadaye huleta pini zenye kiuno chembamba ambazo humdanganya mfunguaji kwamba amefika kumbe bado. Kitabu kinachoanza na silinda kamili ya pini tano hakifundishi. Tazama pia kama vifaa vimetajwa kwa vipimo: unene wa chuma kwa milimita, upana wa ncha, aina ya chuma kinachofaa. Fundi wa Mtwara mara nyingi atajitengenezea mwenyewe kwa tupa, na picha ya seti nzuri ya dukani haitamsaidia.

Jaribio la mwisho ni rahisi na linamfaa hasa asiyekisoma Kiingereza kwa wepesi: funika maandishi kwa mkono, utazame michoro peke yake. Ikiwa unaweza kusimulia kinachotokea kutoka mchoro wa kwanza hadi wa mwisho, kitabu kitakufaa hata ukihitaji msaada wa mtu au kamusi kwa yaliyobaki. Ikiwa picha ni za kiza, zenye vidole vingi na chuma kidogo, kiache.

Kiache pia kinachoahidi kufungua kitasa chochote kwa sekunde chache, kisichokuwa na jina la mwandishi wala namna ya kujua alikojifunza, au kinachotumia kurasa nyingi kusifu bastola za kufungulia na funguo za kugonga, yaani vifaa vya kurusha pini kwa kishindo, kuliko kueleza kitasa chenyewe. Vijitabu vya namna hiyo vimejaa mitandaoni kwa bei ya kuvutia, na vingi vinanakiliana.

Hatua ya nne: Angalia kinachosema kuhusu sheria

Kitabu chenye heshima hulizungumzia jambo hili waziwazi. Kanuni mbili zilizoenezwa na TOOOL, chama cha wapenda fani hii kilichoanzia Uholanzi, zinatosha: usifungue kufuli lisilo lako bila ruhusa ya mwenyewe, na usifanyie mazoezi kufuli linalotumika. Hiyo ya pili ina sababu ya kiufundi pia, kwani mwanafunzi anaweza kuvunja springi ya leva, na mwenye nyumba akalala nje.

Sura za sheria za vitabu hivyo, hata hivyo, zinahusu Marekani au Uingereza, na hapa hazikulindi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na ni juu yake kuithibitisha sababu hiyo. Acha vifaa karakana au nyumbani. Ukianza kufanya kazi kwa malipo, weka daftari la wateja lenye jina, nyumba, tarehe na sahihi, na usifungue mlango wa mtu usiyemfahamu kabla mjumbe au jirani hajathibitisha kwamba anaishi hapo.

Hatua ya tano: Kipate kitabu ukiwa kusini

Maduka ya vitabu ya Mtwara mjini na Lindi yanauza zaidi vitabu vya shule na vya dini, kwa hiyo usitegemee kukikuta rafuni. Uliza maktaba ya mkoa na maktaba za vyuo vya ufundi, walau kwa vitabu vya useremala na uhunzi vyenye sura za vitasa. Kisha uamue kati ya nakala ya karatasi na ya kielektroniki.

Nakala ya karatasi ni bora mezani, kwa sababu mikono itakuwa na vumbi la chuma. Lakini huagizwa nje, hulipiwa usafirishaji na pengine ushuru, na kutoka Dar es Salaam husafirishwa kwa basi au Posta kwa barabara ambayo mvua huichezea. Mwezi Mei 2024 ilikatika maeneo ya Somanga na mizigo ikalala njiani. Nakala ya kielektroniki hufika papo hapo, ila kwenye simu michoro huwa midogo mno. Njia ya kati, kwa maandishi yale mawili ya bure, ni kuyapakua na kuyachapisha kwenye karatasi za A4 kwenye duka lolote la steshenari, kisha kuyajalidi kwa waya ili yalale wazi mezani. Kabla ya kulipia uchapishaji, kuza mchoro mmoja kwenye skrini. Mistari ikivunjikavunjika, tafuta nakala nyingine iliyoskaniwa vizuri. Usifanye hivyo kwa vitabu vyenye haki, maana mauzo hayo ndiyo malipo ya waandishi wake.

Hatua ya sita: Kiambatanishe na vitasa halisi

Kitabu bila kitasa hakikufikishi popote. Nenda kwa mafundi milango na kwa wauza vyuma chakavu, ununue vitasa vilivyotolewa milangoni pamoja na funguo zake, silinda moja ya pini na kitasa kimoja cha leva vikiwa ndiyo kiwango cha chini. Omba risiti, hata ya mkono.

Hapa pana jambo ambalo karibu kitabu chochote hakitakuambia kwa kusisitiza, kwa kuwa waandishi hawaishi pwani ya kusini. Hewa ya chumvi hula springi za chuma na kuacha ukoko wa kijani kwenye shaba. Pini yenye ukoko hubana kwa sababu ya uchafu, na mwanafunzi aliyesoma sura ya vidole atadhani amepata pini ya kwanza. Kwa hiyo kifungue kitasa chakavu kabla ya kukifanyia mazoezi, ukisafishe kwa mafuta ya taa na mswaki, ukikaushe kabisa, kisha ukipake unga wa risasi ya penseli. Usitie mafuta ya kupikia wala grisi nzito, kwani hushika vumbi na kugeuka gundi. Ni kwa sababu hii nasisitiza kwamba kati ya vitabu viwili vinavyolingana, uchague chenye sura ya utunzaji na ukarabati. Kwa miji yetu, vitasa vingi "vilivyokataa" havihitaji kufunguliwa kwa ustadi, vinahitaji kuoshwa.

Hatua ya saba: Soma kwa mpangilio, ndipo ununue cha pili

Anza na mwongozo ule wa 1991, sura za nadharia tu, ukiwa na silinda iliyofunguliwa mezani na kila sehemu ikiwa imechorwa kwenye daftari lako kwa jina linalotumiwa na mafundi wa hapa. Kisha hamia kwenye kitabu ulichokinunua, ufuate mazoezi yake bila kuruka hata yanapoonekana ya kitoto. Leva zisubiri hadi silinda ya pini tatu ikufungukie kwa hiari yako na si kwa bahati. Hapo chukua michoro ya Hobbs, ukiwa na kitasa kisicho na kifuniko, utazame kibapa kimojakimoja kinavyopanda.

Kitabu cha pili kichaguliwe na kazi inayokujia. Ukiitwa zaidi kwenye ofisi zenye sefu za namba, tafuta kinachofundisha kusoma magurudumu ya namba kwa kuandika vipimo kwenye grafu, kazi ya subira ambayo haina uhusiano na vichokoo. Ukiitwa zaidi kwenye maduka na nyumba za kupangisha, cha kuchonga funguo kitakulipa haraka kuliko kingine chochote. Kwa magari, nunua kipya kabisa au usinunue: magari mengi ya miaka ya karibuni yana chipu ndani ya ufunguo, mlango ukifunguka injini bado haiwaki, na kazi hiyo hujifunzwa kwa mashine ya kusomea chipu pamoja na mwongozo wa mtengenezaji wake.